Vifungo vya Mgongoni

Jumamosi, 3 Agosti

Mke wangu ametoa hukumu wakati wa chai. Pini anakwenda kambi ya watoto keshokutwa na atalala huko hadi Ijumaa. Ana miaka saba. Tangu azaliwe amelala kando ya kitanda changu, umbali wa mkono. Nikauliza nani kashauriwa. Akasema yeye, mama yake, na Pini mwenyewe. Wengi wape.

Hukumu ina mkia. Pini akimaliza juma bila kuomba kurudishwa nyumbani, anahamia chumba kidogo. Chumba kidogo ndicho stoo yangu ya vitambaa. Akiomba kurudishwa, anabaki chumbani kwetu, mahali pake pale pale, mpaka mwakani. Nikakubali haraka. Haraka mno. Mama mkwe akanitazama juu ya kikombe.

Kuna jambo hawakulihesabu. Mimi ni fundi cherehani. Nguo zote za Pini nimezishona mwenyewe, na zote zinafungwa kwa vifungo vya mgongoni. Kila asubuhi ananipa mgongo, nami nafunga. Hatuzungumzi. Ndivyo siku inavyoanza. Mama mkwe husema hizo si nguo, ni magunia, mdomo anaufunga mwenye mzigo. Wivu.

Kambi inaongozwa na mwalimu mstaafu wa michezo anayeitwa Mama Filimbi. Sheria yake ni moja: mtoto anavaa mwenyewe, anatandika mwenyewe, anaosha sahani mwenyewe, na mtu mzima haruhusiwi kumsaidia. Sheria nzuri sana! Sijawahi kuona sheria nzuri kama hiyo.

Nimempima Pini leo kwa futi, nikijifanya namkatia kitu. Mkono wake haufiki kifungo cha pili. Vipimo havisemi uongo. Jumanne asubuhi atasimama hemani mgongo wazi, atamtaka baba yake, na simu ya duka langu italia.

Naketi kumshonea nguo za kambi. Vifungo saba kila moja. Vidogo kama punje za dengu.


Jumapili, 4 Agosti

Kufunga mizigo. Mke wangu katia begini gauni la dukani linalofunguka mbele. Nikasubiri aende jikoni. Gauni sasa liko chini ya kifuniko cha cherehani.

Lastiki kapita jioni. Ni fundi wa mlango wa pili, na dukani kwake hakuna kifungo hata kimoja. Kila kitu anatia lastiki: suruali, sketi, mikono ya shati. Mletee jeneza, atalitia lastiki. Mwanawe naye anakwenda kambi. Alikuja kunifahamisha kwamba mwanawe huvaa suruali gizani, kwa mkono mmoja, huku anatafuna.

Nikamwambia lastiki huchoka.

Akasema vifungo hudondoka.

Tukaagana vizuri.

Nilimuuliza Pini kama anaogopa. Akauliza kuogopa nini. Nikamtajia giza, siafu, na vyoo vya mbali. Akafikiri. Akaomba tochi. Sikuwa nimelenga hapo.


Jumatatu, 5 Agosti

Basi limeondoka. Wazazi tulipanga mstari kando ya barabara kama watu wanaokagua gwaride. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilibeba leso mbili, moja yake na moja ya akiba. Pini alikuwa anagombania kiti cha dirishani na mtoto wa Lastiki. Alikipata. Hakutazama nje.

Mama mkwe akasema kiti cha dirishani si haba.

Lastiki alikuwa anapangusa macho. Akadai ni vumbi. Barabara ilikuwa imenyeshewa tangu alfajiri.

Dukani nimeisogeza simu karibu na mkasi. Ililia mara moja. Mteja, anauliza suti yake. Nikamjibu kwa ukali kwamba anaziba njia. Kasema atapeleka kitambaa kwa Lastiki.


Jumanne, 6 Agosti

Asubuhi ya vifungo. Niliamka mapema, nikanyoa, nikavaa shati safi ili wakipiga simu nisichelewe kuondoka.

Hakuna simu.

Nikajipa sababu. Labda wanachelewa kuamka. Labda mvua. Labda amelala na nguo za jana. Hilo halikuwa kwenye hesabu zangu.

Kabla ya chakula cha mchana uvumilivu ukaisha. Kambi ina simu moja, iko jikoni, na anayeipokea ni mpishi. Nikaizamisha sauti kifuani. Nikajitambulisha kama mkaguzi wa mavazi ya watoto. Nikauliza kama kuna mtoto yeyote aliyeshindwa kuvaa asubuhi hii, hasa upande wa mgongoni.

Mpishi akasema watoto hawana shida. Wenye shida ni akina baba. Akasema mwingine kapiga muda si mrefu, eti ni daktari wa meno, anataka kujua kama mwanawe analia. Daktari huyo alipoulizwa jina la mtoto, akaanza kulia yeye.

Nikauliza daktari huyo alikuwa na sauti gani.

Akasema kama mtu aliyebana kitu mdomoni. Pini za kushonea, labda.

Lastiki! Nimeliweka hili akiba. Halafu mpishi akanitakia kazi njema ya ukaguzi na kuniuliza kama mkaguzi naye ana mtoto kambini. Nikakata.


Jumatano, 7 Agosti

Kama mlima haunijii, naufuata. Nimemwambia mke wangu nina kazi ya turubai nje ya mji. Si uongo. Kambi ina mahema, na mahema huchanika. Nimepakia cherehani ya mkono kwenye lori la mboga na kushuka langoni.

Mama Filimbi ni mfupi na hapepesi macho. Nikamweleza kuwa mimi ni fundi wa kujitolea, napita kambi hadi kambi nikishona mahema bure. Nilitaka anipeleke penye watoto. Akanipeleka nyuma ya jiko. Akafungua mlango wa ghala. Ndani kulikuwa na mahema yaliyochanika tangu siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa anakimbia mbio za vijiti. Akasema Mungu hamtupi mja wake, akafunga lango la ua nyuma yake.

Nikashona. Turubai si pamba. Sindano ya kwanza ikakatika, ya pili ikakatika, ya tatu ikaingia kidoleni. Mpishi alikuwa akipita na ndoo ya maganda ya viazi. Kila akipita ananiuliza mkaguzi anaendeleaje.

Baada ya chakula watoto wakapita nyuma ya jiko kwenda mtoni. Nikajificha nyuma ya turubai na kuchungulia kwenye tundu. Nilikuwa sijaliziba kwa makusudi.

Nililoliona naliandika kama lilivyo.

Pini alikuwa mbele ya msafara. Gauni lake alilivaa nyuma mbele. Vifungo vyote saba viko kifuani, vimefungwa, sawasawa, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mgongo wa gauni ndio uliokuwa tumbo. Mfuko niliomshonea mbele ulikuwa nyuma, mtupu, unapepea. Na si yeye peke yake. Watoto wote kumi na kitu wamegeuza: mashati nyuma mbele, blauzi nyuma mbele, mmoja koti la mvua nyuma mbele. Mtoto wa Lastiki kaptula yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya hema. Lastiki imechoka! Nilisema. Fundo lilikuwa zuri, na nilimwona Pini akisimama kulikaza, akimwonyesha kwa vidole namna ya kulifunga mwenyewe.

Nikakohoa. Sikupanga kukohoa.

Msafara ukasimama. Pini akaja hadi kwenye turubai, akainua ukingo, akaniona nimechuchumaa na kidole mdomoni. Wenzake walikuwa nyuma yake wanasubiri. Akanitazama vile mama yake anavyotazama kitu kilichoangukia mchuzini.

“Shikamoo, fundi,” akasema.

Fundi. Kama mpita njia.

Nikajibu marahaba.

Akauliza kama nimetumwa na mama. Nikasema hapana, nashona mahema. Akaangalia mshono. Akasema umekwenda upande. Kweli, umekwenda upande. Kisha akaninong’oneza kwamba nisimwambie mtu kwamba mimi ni baba yake, maana Mama Filimbi kasema mtoto atakayefuatwa na mzazi ataimbiwa wimbo wa kifaranga mbele ya wote. Nikauliza anataka nimpeleke nyumbani. Nilimuuliza wazi, sikuzunguka. Lori lilikuwa linarudi jioni.

Akafikiri, kama alivyofikiri kuhusu giza.

Akasema, “Leo tunavuka mto kwa miguu. Kesho labda.”

Akakimbia. Sijui hiyo kesho ilikuwa ahadi au adabu.

Nikashona hadi lori lilipokuja. Mpishi akanipa kiazi cha kuchemsha cha njiani.


Alhamisi, 8 Agosti

Kesho ya Pini ndiyo leo. Nimekaa na simu. Kidole kimevimba, siwezi kushika mkasi, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kukaa.

Haikulia.

Lastiki kapita. Akauliza jana nilikuwa wapi. Nikasema kazi ya turubai. Nikamuuliza meno ya wateja wake yanaendeleaje. Akasema amesikia kuna mkaguzi wa mavazi anayezunguka. Tukaangaliana. Nikamkaribisha kiti. Tukanywa chai bila kutaja jambo lolote. Alipoondoka nikakumbuka sikumwambia habari ya kamba ya hema. Akiba haiozi.

Nimerudi nyumbani na kukuta mama mkwe ameshaanza kutoa vitambaa stoo. Nikasema juma halijaisha. Akasema, “Mkwe wangu, hata jogoo anajua kumekucha.” Majora ya kitambaa cha suti yamesimamishwa sebuleni kama wageni ambao hawajaambiwa wakae.


Ijumaa, 9 Agosti

Basi limerudi. Watoto wameshuka mmoja mmoja, wote nyuma mbele. Mama mmoja alimpokea wake kwa kumgeuza apate kuuona uso. Baba mmoja akasema hii ndiyo shule tunayolipia. Pini alishuka mwisho kwa sababu alikuwa anahakikisha hakuna begi lililobaki. Ana kovu jipya gotini. Kapungua jino.

Mtoto wa Lastiki alishuka na kamba yake. Lastiki akaiona. Nilisimama tu pale ambapo asingeweza kukwepa kunitazama.

Wakati wa chakula Pini alisimulia. Jumanne asubuhi alihangaika na gauni, akalia kidogo. Kidogo tu, kasema, na akaomba isitajwe tena. Alitaka kuja kwangu. Halafu akaona kwamba vifungo haviko mbali, mtu ndiye ameelekea kwingine. Akaligeuza gauni. Wenzake wakamcheka mpaka uji ukapoa, na kufikia jioni wote wamegeuza. Lalamiko lake moja: nguo ikigeuzwa, mfuko unakwenda mgongoni, na walipookota matunda ya porini hawakuwa na pa kuyatia. Walibeba mikononi, mengi yakaanguka mtoni.

Mke wangu akauliza, bila kunitazama, gauni la dukani lilikwenda wapi. Nikasema nadhani halikufaa hali ya hewa.

Pini alihamia chumba kidogo baada ya chakula. Nilibeba kitanda mimi mwenyewe, na mama mkwe akashika taa na kutoa maelekezo. Kilipita mlangoni kwa taabu. Nilitumaini hakitapita.

Baadaye nikasikia kimya kutoka huko. Nikaenda kuona kama kuna tatizo. Nikafungua mlango. Hakuwa amelala, alikuwa anapanga mawe ya mtoni dirishani.

“Baba,” akasema, “bisha hodi kwanza.”

Nikatoka. Nikafunga mlango. Nikabisha hodi. Akasema karibu. Nikaingia, nikahesabu mawe, nikatoka tena.


Jumamosi, 10 Agosti

Asubuhi Pini katoka chumbani kwake ameshavaa. Nilikuwa nimekaa mahali petu, mikono tayari. Akanipita kwenda kupiga mswaki. Halafu akarudi, akanipa mgongo, akasema kuna uzi unamkuna shingoni, niukate. Nikaukata. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotaka.

Dukani kulikuwa na foleni. Wazazi watano wa kambini. Watoto wao wamekataa kuvaa mashati yasiyo na vifungo vya mgongoni, ili wayageuze. Wote wakasema wameelekezwa kwangu na Pini. Lastiki alisimama mlangoni kwake akitazama foleni huku anavuta utepe wa lastiki na kuuachia. Biashara njema. Nimetafakari jambo hili kwa utulivu na naona wazi kwamba mpango wangu haukushindwa. Ulikuwa na kasoro moja ya kiufundi: gauni lilikuwa linageuzika.

Mama Filimbi kapiga simu. Kashukuru kwa mahema, mawili yameshaachia. Kasema likizo ya Desemba kambi itakuwa ya majuma mawili na Pini ameshajiandikisha kabla ya kupanda basi. Kaniuliza kama fundi wa kujitolea atapita tena. Nikasema atapita.

Wiki mbili! Hapa panahitaji akili.

Nimechora jaketi. Zipu mgongoni, inaanzia shingoni, kishikizo kidogo kabisa. Na safari hii nimetia kofia, kubwa, ya kina, imeshonewa kwenye kola kwa mishono miwili. Akiligeuza jaketi, kofia itakuja mbele na kuning’inia chini ya kidevu kama bakuli. Mtoto gani atataka kutembea msituni na bakuli chini ya kidevu? Hana pa kutokea. Atasimama, atanipa mgongo, atamtaka baba yake.

Nimempima tena leo. Mkono wake haufiki hapo. Vipimo havisemi uongo.