Uzinduzi wa Kituo cha Kuhifadhi Santuri Kongwe

Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Naibu wa Kaimu huyo, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kubwa, wa Kamati Ndogo, na wa kamati inayozipatanisha hizo mbili, wadau wote wa santuri, ndugu wanahabari kama mpo, mabibi na mabwana, hamjambo! (Hatujambo!) Sijasikia, hamjambo! (Hatujambo, endelea basi!)

Nasimama hapa kwa furaha isiyo kifani, kwani miaka tisa iliyopita mimi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, niliona santuri za gramafoni za babu na bibi zetu zinakula vumbi makabatini, nikasema hapana, hii haikubaliki, na tangu siku hiyo tumeendesha semina kumi na nne, upembuzi yakinifu mara tatu, na ziara ya mafunzo niliyoiongoza mimi nikisaidiwa na shemeji yangu. (Makofi ya shemeji.)

Kiutekelezaji, tumekusanya santuri mia mbili na kumi na moja, ambazo karibu zote zimeshaingizwa kwenye mfumo, yaani kila moja imepigwa muhuri pande zote mbili, ikatobolewa matundu mawili kama waraka mwingine wowote, ikafungwa kwenye faili. (Sauti ya mzee mmoja: "Yarabi! Mmezitoboa?") Tumezitoboa, mzee wangu, tena kwa mujibu wa mwongozo, na mashine iligoma mara mbili lakini hatukukata tamaa.

(Mama mmoja, fundi cherehani, anasimama: "Mheshimiwa, na ile niliyowaletea mwezi uliopita? Marehemu mama yangu anaimba humo. Sina hata picha yake, nina sauti hiyo tu.") Kaa kwanza, mama. ("Sikai!") Haya, simama, ni haki yako. Karani, ya mama huyu iko faili namba ngapi? (Karani ananong'ona.) Eti? Ndugu wananchi, nakiri kwa masikitiko kwamba santuri hiyo haijatobolewa hadi leo. Karani anasema aliisikiliza kwanza kwa jirani yake mwenye gramafoni, na alipotaka kuitoboa mkono ukamgoma, akaificha kwenye droo. (Fundi cherehani anajifuta machozi.) Atachukuliwa hatua za kinidhamu! (Makofi ya watu wote, kwa karani.) Asanteni, asanteni, naona mnaniunga mkono.

Santuri! (Zetu!) Kituo! (Kiko wapi?) Hewala!

Kwa kumalizia, namshukuru mwalimu mkuu kwa kutuazima darasa hili, maana Kituo chenyewe hakina jengo, hakina kiwanja, na barua ya kuomba kianzishwe bado naitafutia maneno mazuri. Kwa hiyo, mama, chukua santuri yako, kaipige kwako, sisi gramafoni hatujawahi kuwa nayo. Kuanzia leo kabati lako ndilo Kituo, na taarifa ya kila robo mwaka utuletee nakala tatu.