Wanawake Wanaowauliza Wateja Wangu Ukoo

Lojingi ya Utulivu,
Soko la Mukuyuni,
Kaunti ya Makueni.

Kwa Mheshimiwa Chifu,

KUH: KUOMBA NISIITWE SHAHIDI, NA KUOMBA KINA MAMA WAONDOLEWE KWENYE VERANDA YANGU

Mheshimiwa, kwanza pole na kazi, pole na hili jua, na hongera kwa ile pojo ya nyuma ya ofisi yako, ambayo imeshika vizuri kuliko ya sisi raia.

Nimepata ujumbe wako kwamba nifike kituoni kabla ya Alhamisi niandikishe taarifa juu ya Bwana Mulinge. Nimeelewa pia ulivyosema, kwamba bila neno la mwenye nyumba kesi haitasimama, Mulinge ataachiliwa, na wale kina dada watatu wataishi wakiangalia nyuma kila wakienda kuteka maji. Nimesikia. Mimi ni mtu wa sheria, mzee wa kanisa, na choo changu kilipita ukaguzi. Lakini Chifu, taarifa ni ya mtu aliyeona kitu, na mimi sikuona kitu. Nikija hapo nitawamalizia wino bure.

Kwa faida ya faili yako nieleze kwa ufupi. Mulinge ni wakala wa kutafutia watu kazi. Alikuja na kina dada watatu kutoka Kanyangi, ng'ambo ya Mto Athi, watu wazima wenye vitambulisho vyao, akiwa amewaahidi kazi ya jikoni katika hoteli kubwa. Akakodi vyumba vyangu vitatu vya nyuma. Hoteli kubwa haikuonekana. Vitambulisho na simu zao vilikaa kwenye mkoba wake, kwa usalama, na wao wakaambiwa wana deni la nauli na la chakula, na kwamba deni hilo litalipwa na wageni wa kiume watakaokuwa wakipita. Wageni wakapita. Mmoja wa hao dada anaitwa Nduku, ndiye aliyekuwa akilia, ingawa kama nilivyosema sikuona kitu. Mimi ninauza kitanda na blanketi, kazi yangu inaishia kwenye shuka.

Sasa malalamiko yangu.

1. Fundi wa nguo Nthenya, ambaye duka lake linatazamana na geti langu. Nduku alitumwa kwake akapunguziwe rinda, kwa sababu lilikuwa linamwanguka mabegani. Fundi mwenye nidhamu hupima, hushona, hunyamaza. Huyu Nthenya akauliza kwa nini mtu anapungua namna hiyo. Akauliza anakula nini. Akauliza mbona hajawahi kumwona sokoni. Kwani futi ya kupimia inauliza maswali? Kama kila fundi Makueni ataanza kumpima mtu mpaka moyoni, sisi wenye biashara tutakimbilia wapi?

2. Kundi la mwethya. Chifu, wewe ni mtoto wa hapa, unajua mwethya ni nini: kina mama wanachimba matuta kwa huyu leo, kesho kwa yule, kila mtu na zamu yake, na hakuna anayeachwa. Walipomaliza shamba la Nthenya wakakaa, akawaeleza habari za Nduku, wakapiga kura, na zamu iliyofuata ikaangukia veranda yangu. Mimi sikuomba! Sina shamba hapo, nina saruji. Asubuhi nikawakuta wamefika na vigoda, chai kwenye chupa na katani ya kusuka viondo, wanaimba. Nilipowauliza wamekuja kulima nini wakasema wataona kikiota.

Kukaa tu ningevumilia. Shida ni salamu. Kila mwanamume aliyeingia getini walimsalimu kwa heshima zote, wakampa kigoda, kisha wakamuuliza yeye ni wa nani, wa ukoo gani, na mama yake alitoka wapi. Haya ni maswali ambayo Mkamba hawezi kuyakataa, kwa maana anayeficha ukoo wake anaonekana ni mwizi au amefukuzwa kwao. Basi wanajibu, na wakishajibu tumekwisha. Mteja wangu wa kwanza siku hiyo, mtu mkubwa mwenye koti, aligundulika ameoa binti wa mmoja wa hao kina mama. Ai! Mtu na mama mkwe wake, mlangoni pa lojingi, saa nne asubuhi! Aliinamisha kichwa, akasema alikuwa amekuja kuuliza kama tunauza mbegu, akawanunulia wote soda na akaondoka kinyumenyume. Wa pili akaelezwa, polepole na kwa vidole, kwamba kwa hesabu ya ukoo, mmoja wa wale dada ni shangazi yake. Wa tatu hakungoja hesabu. Aliruka ua wa nyuma, suruali ikabaki kwenye seng'enge, na aliyeishona ni nani? Nthenya. Na mwenyewe alipoifuata kwa Nthenya, ukoo akautaja.

3. Nilijipa moyo kwamba si wateja wote ni Wakamba. Ni kweli, lakini upande huo umekabwa na Bwana Adow, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi anayelala chumba cha mbele kila siku ya mnada, mteja wangu wa miaka, mtu wa swala tano. Yeye nilimtegemea. Kumbe kina mama walimweleza shida yao akaielewa kabla hawajamaliza, akasema kwao pia mtu hujulikana hivyo hivyo. Akavuta kiti. Asiye Mkamba anapelekwa kwa Adow, na Adow haridhiki na ukoo, anataka mababu saba kwa majina, mfululizo. Kuna dereva mmoja wa lori alifika babu wa tatu akaanza kutoa jasho. Adow alimhurumia, akampa maji, akamwambia arudi akishawakumbuka.

4. Watu wa pikipiki. Kimeu, ambaye alikuwa akiniletea wageni jioni, siku hizi anawashusha mbele ya vigoda vya kina mama badala ya mlango wa nyuma, na anapiga honi. Nilipomuuliza akaniambia pikipiki yake imepata tatizo, haikati kona ya kwenda nyuma. Pikipiki gani hiyo? Mchungaji naye akahubiri Jumapili nzima juu ya yule aliyemwona majeruhi kando ya njia akapita upande wa pili, hakunitaja, lakini kwaya yote iligeuka ikaniangalia, hata waimbaji wa sauti ya nne ambao kwa kawaida wanasinzia.

5. Hapa Chifu naomba ukae vizuri. Walipomuuliza Nduku ukoo wake, naye akawaambia, kina mama wakapiga simu Kanyangi. Ukoo ukaja. Sisemi wazee wawili na fimbo. Ukoo! Na mwenyekiti wao Mzee Nyamai, na mweka hazina, na bango, na fulana za kijani zinazofanana, na sufuria zao wenyewe. Watu wa soko walidhani nimefiwa wakaanza kuniletea sukari. Wakafanya mkutano wa ukoo kwenye uwanja wangu, ajenda ikiwa moja tu, kwamba binti yetu arudishiwe kitambulisho chake na wenzake wawili pia, hata kama si wa ukoo wetu, kwa sababu walikuja na wetu. Mimi nilijifungia chumbani kwangu, sikutoka kusalimia mtu.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sitaacha kulilalamikia. Mimi mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe, niliwaita polisi waje kuvunja huo mkutano usio na kibali. Polisi wakaja haraka, nawashukuru. Wakamkuta Mulinge akitoka kwa dirisha la choo na mkoba kifuani, na ndani ya mkoba vitambulisho vya watu ambao si yeye. Mkutano haukuvunjwa. Aliyebebwa ni mpangaji wangu, na polisi wakapewa sahani ya isyo, wakala mahindi na maharagwe ya ukoo kwenye kigoda cha veranda yangu. Nauliza, hiyo ndiyo huduma kwa aliyepiga simu?

6. Sasa vyumba vya nyuma viko tupu, Nduku na wenzake wanakaa kwa Nthenya wakingoja kesi, na kila mtu hapa Mukuyuni anasema sisi sote tulifanya. Fundi anasema sisi. Adow anasema sisi. Kimeu na pikipiki yake mbovu anasema sisi. Wanasema kuzuia mambo haya ni jukumu la kila mtu.

Chifu, hiyo ndiyo hatari ninayotaka uione. Kabla ya hii sisi-sisi yao, mambo yalikuwa yamegawanywa vizuri. Mulinge alileta tu. Dereva aliendesha tu. Mimi nilikodisha tu. Mteja alipita tu. Jirani alisikia tu, akaongeza sauti ya redio. Kila mtu alikuwa na kipande kidogo, na ukikichukua kipande chochote ukakiweka mezani, hutaona kosa ndani yake. Tulikuwa soko zima la watu wasio na hatia. Leo wametuunganishia vipande, na vimetoa picha mbaya sana, na katikati ya picha wamenichora mimi.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu. Kwanza, utangaze barazani kwamba kuona ni kazi ya polisi, na raia atakayetaka kuona achukue leseni. Pili, salamu zipunguzwe ziwe habari na nzuri, na suala la ukoo liulizwe kwenye harusi na matanga peke yake. Tatu, mwethya urudi kwenye matuta, na mtu asiye na shamba asilimiwe. Nne, mafundi wapime kwa kukadiria, wakiwa wamefunga macho. Tano, kama haya ni mazito, basi tujenge ukuta kuzunguka kila nyumba ya Mukuyuni, mrefu, usio na dirisha, ili kila mtu abaki na mambo yake mpaka Yesu arudi. Na sita, ambalo ndilo kubwa, nisiitwe kituoni. Sina la kusema. Sikuona.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, makarani wote, na yule askari wako mwenye mguu unaouma. Wasalimie pia wazee wa kijiji, isipokuwa yule aliyewaazima kina mama vigoda.

Ni mimi raia wako mtulivu,

Mbithi Ndolo,
Mwenye Lojingi ya Utulivu.

N.B. Chifu, barua nilikuwa nimeshaikunja nikiileta kwako kwa mkono wangu. Ilibidi nipite mbele ya duka la Nthenya, na hapo nikawakuta wote na viondo vyao, na Mzee Nyamai wa ule ukoo akiwa katikati. Kina mama hawajawahi kuniuliza chochote, kwa sababu hapa kila mtu ananijua. Lakini Mzee Nyamai ni mgeni. Akanisalimu, akanipa kigoda, akaniuliza mama yangu alitoka wapi.

Nikamjibu ninayoyajua, na ni machache. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba hakunipeleka tena kwao. Ninajua tu alivuka Athi kuja kuolewa, ninajua baba yake aliitwa Nthiwa, na jina lake mwenyewe. Alikuwa Nduku.

Watu waliacha kusuka. Mzee Nyamai akasema Nthiwa alikuwa na mtoto wa kiume na wa kike. Wa kike ndiye mama yangu. Wa kiume ndiye babu ya huyu Nduku, na alipopata mjukuu akampa jina la dada yake aliyepotelea Makueni, ili asisahaulike. Unajua mila yetu, sihitaji kukufundisha. Mtoto huyu ambaye ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, kwa kubeba jina hilo, kwangu mimi ni mama.

Nilidhani atanitukana, wui, ningefurahi kutukanwa. Nduku mwenyewe, aliyekuwa ameketi kati ya kina mama, alisimama akanisalimu kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza kwa upole, jinsi mama anavyomuuliza mtoto wake aliyevunja kitu, mbona milango yote ya lojingi yangu ina kufuli kwa ndani, na wake peke yake ulikuwa nayo kwa nje.

Nimerudi nyumbani nimeisoma hii barua yote nikitafuta jibu, kutoka namba moja mpaka sita. Halimo. Tafadhali ifute, ninaiacha kwako ili tu ujue nilivyokuwa nikifikiri. Mwambie afisa wa zamu kesho aniwekee kiti na karatasi za kutosha. Niliona, Chifu. Niliona kila siku, na ufunguo wa pili wa hiyo kufuli ulikuwa mfukoni mwangu.