Vitabu Viwili vya Kukuita

Jumatatu, tarehe 3
Mjukuu wangu, una moyo au una jiwe? Mvua zimekuja zimekwenda, wewe huonekani! Naandika ili siku ukija usome mwenyewe, uone aibu. Shule sikuijua hata mlango. Herufi nilizidokoa kwenye madaftari ya mama yako. Leo nimefagia chumba chako. Chini ya kitanda nimekuta vitabu vyako viwili vya balagha, ule ufundi wa kusema mpaka mtu akubali. Kimoja kinene, kimoja chembamba. Basi! Nitavilinganisha. Kitakachokuleta nyumbani ndicho bora.

Jumanne, tarehe 4
Kinene kinasema mlainishe kwanza msikilizaji kwa sifa. Nimekupigia. Nimesifu akili yako, shingo yako, mpaka meno yako ya utotoni. Ukauliza nani kafa. Nikakwambia tulia, bado niko kwenye utangulizi. Sijafika kwenye ombi, simu ikaisha chaji. Kinene kwisha kazi! Nimekiegemezea mlango usijibamize.

Jumatano, tarehe 5
Jirani yangu mshonaji, Mama Vifungo, wanawe wamejaa kwake tena. Vicheko vinapenya ukutani. Nimemuuliza anatumia kitabu gani. Eti yeye huwaambia tu amewakumbuka, waje. Maskini! Hana ufundi hata chembe.

Alhamisi, tarehe 6
Zamu ya chembamba. Ficha haja yako, kinasema, mtu ataifuata mwenyewe. Nimepiga. Nimesema niko buheri wa afya, nyumba imejaa wageni, sina shida na mtu. Nikangoja unase. Ukashusha pumzi. Ukasema afadhali, Bibi, maana ulishakata tiketi ya Jumamosi. Sasa utairudisha, umalize kazi za ofisini.
Mdomo wangu huu! Nusura nipige kelele uje. Lakini chembamba kinakataza kugeuza hoja katikati. Nikakutakia kazi njema.

Jumamosi, tarehe 8
Kitanda chako nimekitandika hivyo hivyo. Shuka lile la maua. Nimekaa ukingoni, sijui nangoja nini. Mama Vifungo kachungulia, kasema nikupigie, niseme tu nimekukumbuka. Nimemfukuza! Neno hilo nimelitafuta kwenye vitabu vyote viwili, halimo.
Kosa nimeshalijua: viwili havitoshi. Ukija, usije mikono mitupu. Niletee cha tatu, kile kinachofundisha namna ya kumwita mtu aje.