Kuhusu Oksijeni Ninayodaiwa Kuiba Tanurini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kitu kilichopungukiwa kimeharibika. Bwana Stoo wetu ana kosa hilo, na tangu apewe mizani mpya analo kwa miligramu.

Nieleze taratibu. Visahani vya kauri anavyotengeneza binti yetu mtafiti ni vya jamii ya madini yaitwayo perovskaiti. Ukivichoma kwenye tanuri lisilo na hewa, sehemu ya oksijeni iliyomo hutoka. Kila chembe ya oksijeni ni kama mzazi mkali aliyeshika watoto wawili mikono. Akitoka, watoto hubaki wakikimbia nyumba nzima. Watoto hao ni elektroni, na mbio zao ndizo umeme. Kesho binti anasimama mbele ya watahini. Visahani visipopitisha umeme vizuri, atarudia mwaka. Kwa hiyo nalalamika:

1. Visahani vilitoka tanurini vyepesi kuliko vilivyoingia. Bwana Stoo akanitaka niandike barua ya kujieleza, oksijeni ya taasisi nimeipeleka wapi.

2. Mlinzi wa lango amepekua mfuko wangu wa chakula siku tatu mfululizo. Jana aliniomba, kwa adabu, nipumue kabla ya kutoka. Nikapumua. Akaandika kwenye daftari.

3. Juzi Bwana Stoo alichukua sinia la kwanza la visahani akalichoma upya, mlango wa tanuri ukiwa wazi, mpaka uzito ukarudi. Sikujisumbua kuvipima umeme visahani hivyo. Baada ya miaka thelathini na minne kazini, maiti simpimi homa. Sinia la pili amepanga kulichoma leo saa kumi.

4. Bwana Stoo mwenyewe amewashika mikono makarani wawili, hawatoi hata msumari bila sahihi yake. Kisayansi dawa ni moja: aondolewe, makarani wakimbie, kazi ipite. Kikao chetu cha Jumatatu nacho hakipitishi kitu. Kipunguziwe wajumbe, tukianzia kiti cha mbele, ambacho, kwa heshima zote, ni chako.

Nisalimie nyumbani, na katibu muhtasi, na mlinzi pia. Mwambie bado napumua.

Wako mtiifu,
Mzee wa Tanuri

Nyongeza: Binti amepita hapa sasa hivi akicheka. Amevipima. Vile alivyochoma Bwana Stoo vinapitisha umeme vizuri mara nyingi zaidi kuliko hivi ninavyovitetea. Maelezo yangu ni sahihi kabisa, ila ni ya visahani vya titani. Hivi ni vya kobalti. Humo umeme hupita kwenye matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni, na watoto wale wakiachiwa huenda kuyaziba. Yote yameandikwa kwenye kibandiko cha sinia. Babu, akaniuliza, hukusoma? Sikusoma. Bwana Stoo abaki, na wewe pia. Ila usisubiri saa kumi: mwambie alichome sinia la pili sasa hivi, mlango ukiwa wazi.