Mstari Ulioidhinishwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe baada ya yule aliyealikwa kupata udhuru, Mwenyekiti wa Bodi, pamoja na wajumbe waliohudhuria na wale waliotuma salamu, Mkuu wa Shule, Makamu wake, Mwalimu wa Nidhamu, walimu wa nyimbo, naambiwa yupo mmoja, basi Mwalimu wa Nyimbo, wahitimu wa zamani, wa kati na wa juzi, wazazi, walezi, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka viti vyenye vitambaa.)

Mimi, kama Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uendelezaji wa Nyimbo, Sauti na Vifijo vya Sekondari, nina furaha isiyo kifani kusimama ndani ya Ukumbi huu wa Kisasa wa Nyimbo, ambao ni matunda ya mchakato shirikishi, upembuzi yakinifu, semina elekezi katika hoteli mbalimbali, na ziara yangu ya mafunzo ng'ambo, ambako nilijionea kwa macho haya watu wakiimba huku wamekaa. (Wageni wanasogeza viti kufuata kivuli.)

Nyimbo za shule hii zina historia. Waanzilishi hawakuwa na kengele. Walikuwa na ringi ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi, na wimbo wa shule ulichukua sauti yake ya kwanza kwenye mlio wa ringi hiyo, kiasi kwamba mpaka leo wanafunzi wanaipata sauti ileile bila kinanda. Mtaalamu wetu mwelekezi aliichunguza akakuta haimo kwenye viwango. Upo wimbo wa bomba, mmoja anasukuma maji na foleni inaitikia. Upo wa kuagana, ambao kidato cha nne hutoka nao getini kinyumenyume, eti wasiipe shule mgongo. Na upo wimbo wa kufungwa mpira, ambao nasikitika kusema ndio mnaoujua vizuri kuliko zote. (Kicheko.) Msicheke. Wimbo wa kushindwa hauendani na dira yetu, na kuanzia leo umefutwa. Takwimu zetu zinaonyesha kuwa uimbaji umepanda kwa asilimia mia moja na nne, na hiyo nne ni mchango wangu binafsi.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe wa shule, kwa sababu ubeti wa pili una dosari. Hapo zamani mwimbishaji, peke yake, alikuwa akiuliza, "Nani amebaki ndani?" na shule nzima inamjibu, "Hakuna, sote tupo." Asili yake ni mabwenini, kiranja alipokuwa akichungulia dirishani asubuhi kuona nani bado amejifunika shuka. Jambo zuri kabisa. Lakini ofisi yangu ilipofika kukagua, tulikuta mahali hapo haimbi mtu. Wanafika, wananyamaza kwa urefu wa mistari miwili, halafu wanaendelea kama vile hakuna kilichopungua. Kimya, ndugu zangu, ndani ya wimbo wa umma.

Nilipohoji nikaelezwa kwamba mwimbishaji wa mwisho alikuwa kijana wa kidato cha tatu, na kwamba walikuwa mazoezini siku dari la ukumbi wa zamani liliposhuka. Wenzake walikimbia nje. Yeye alibaki nyuma kuhakikisha wote wametoka. Tangu siku hiyo hakuna anayetaka kuuliza swali lile. Nami tukio hilo liliniumiza sana, hasa kwa vile lilitokea wiki ileile ambayo ofisi yangu ilikuwa imethibitisha kuwa dari limekarabatiwa, na taarifa ilikuwa imeshachapwa, tena kwa rangi.

Mama yake yule pale mbele, mwenye mwavuli. Huja kila mwaka siku ya wahitimu, anakaa, anasikiliza pale wanaponyamaza, kisha anaondoka zake. Asubuhi alinifuata mpaka kwenye gari akaniambia, "Baba, paacheni vilevile. Pale ni pa mwanangu." Nikamjibu kwa upole kwamba, mama, urithi ni wa taifa zima, hauwezi kuwa wa familia moja. (Mguno.) Msigune, nimesema kwa upole.

Kwa hiyo kamati imeijaza nafasi hiyo. Mwimbishaji atauliza, "Nani katujengea?" nanyi mtaitikia, "Mheshimiwa Mratibu." Mimi nilikataa maneno hayo, wakanisihi, nikaenda kulala nayo, asubuhi nikaona kweli yamekaa vizuri. Tafadhali simameni tuimbe, kisha nikate utepe.

(Shule inasimama. Ubeti wa kwanza unaimbwa wote. Kwenye ubeti wa pili wanafika mahali pao, wananyamaza.)

Hapo. Hapo ndipo pa kuuliza. Nani katujengea? (Kimya.) Fundi mitambo, spika zinatoa sauti? Zinatoa. Haya, nani katujengea?

(Mama mwenye mwavuli anasimama. Anaimba peke yake: "Nani amebaki ndani?")

Mama, sauti unayo, lakini huo sio mstari ulioidhinishwa. Keti. (Anarudia: "Nani amebaki ndani?") Mama yangu, tusichoshane kwenye jua hili. Ndani ya wapi? Hakuna mtu ndani, na hiyo ndani yenyewe haipo; ukumbi haujawekwa hata tofali moja, sasa mtu abaki wapi?

(Mratibu anapekua karatasi zake.)

Namaanisha katika awamu hii.

Basi nitoe shukrani, muda umetutupa mkono. Namshukuru mkandarasi, ambaye bado tunamtafuta. Namshukuru mchoraji wa ile picha kubwa ya ukumbi pale getini, kazi safi, hata madirisha kayawekea mapazia. Namshukuru jirani aliyetuazima kiwanja hiki na miti miwili ya kufungia utepe. Naukata sasa hivi, mzee wangu, ng'ombe wako waingie. Wanafunzi, kila mmoja arudishe kiti darasani. Na tumalize kwa kaulimbiu yetu, semeni nami: Sauti moja. (Kimya.) Maendeleo mbele. (Kimya. Shule nzima bado imesimama, imemgeukia mama.)

Ahsanteni sana kwa kuitikia.