Mama Tulia na Fundi wa Kubana Mafaili

Hashimu aliingia stationery ya Mama Tulia, mjini Tukuyu, kujikinga na mvua tu, hakuwa na nia mbaya na mtu. Hilo lisemwe mapema, kwa haki yake, maana nafasi nyingine ya kumsifu sidhani kama tutaipata.

Ndani alikuta watu wamejipanga wanaitazama kompyuta. Haikuwa ikionyesha mpira. Ilikuwa ndiyo kwanza inawaka. Kiduara cheupe kilizunguka katikati ya kioo, kikazunguka tena, na wateja wakakifuata kwa macho kama wanaosubiri wali uive. Mwalimu mmoja aliyeleta mitihani ya kuchapa alikohoa, akaaga kwa adabu zote, akavuka barabara kwenda kwa Obed, mwenye kompyuta mpya. Wengine wawili wakamfuata.

"Haya, na hao wamekwenda," alisema Mama Tulia, na uso ukamshuka. Ulikuwa msimu wa mitihani, shule zote zinachapa. Akiwakosa walimu safari hii, duka linafungwa, na alilikumbuka hilo kila alipokutana na mwenye nyumba.

Hashimu aliona huzuni ile na moyo ukamruka kwa furaha. Alikuwa kijana wa Dodoma, shati limepigwa pasi, ulimi umepakwa mafuta. Wiki ile ile, pale Uyole, alikuwa amewauzia watu stika za kubandika nyuma ya simu ili mtandao uongezeke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, jikaushe."

"Mama, samahani. Nani alikufungia mafaili ya kuwashia?"

"Ya kuwashia nini tena?"

"Pole sana." Hashimu alitikisa kichwa kama daktari. "Vitu vyote vya kuiamsha kompyuta vimebanwa kwenye furushi moja. Ukiwasha, kwanza ilifungue furushi, ndipo iamke. Lako limefungwa kizamani, fundo juu ya fundo. Mimi nalifumua, nalibana upya kwa mtindo mwepesi. Likiguswa tu, limefunguka."

Ajabu ni kwamba maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Wapo wataalamu duniani wanaofanya kazi hiyo, na Hashimu aliwahi kusoma habari zao kwenye simu mpaka bando likakata. Uongo ulikuwa kwenye neno moja tu, "mimi".

Alikaa mbele ya kompyuta ya kwanza kati ya tatu za duka, akakunja mikono ya shati, akabonyeza vitu vingi visivyo na maana. Katikati ya vurugu hiyo alibadilisha kitu kimoja: ukibonyeza kitufe cha kuzimia, kompyuta isizimike, isinzie tu. Akafanya hivyo kwa zote tatu.

"Mama, zima mwenyewe."

Mama Tulia akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

"Sasa washa."

Akabonyeza tena, na kabla hajaondoa kidole, kazi zake zote zilikuwa zimetokea kiooni. Watu wakapiga makofi. Mzee Ambindwile, aliyekuja kutoa kopi ya hati ya shamba lake la kule Masoko, alivua kofia.

"Ndaga fijo!" mzee alishukuru kwa Kinyakyusa. "Huyu kijana ana mkono."

Mama Tulia alishangilia pamoja na wengine. Ila alikuwa ameona kitu: kioo kilipokuwa cheusi, kitaa kidogo cha mbele kiliendelea kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Kitaa cha namna hiyo alikifahamu vizuri.

Ndipo ngurumo ya kwanza ikasikika upande wa mlima Rungwe.

Mtu wa Tukuyu akisikia ngurumo haombi ushauri. Kinyozi wa jirani alichomoa mashine, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Muuza soda akachomoa friji. Mama Tulia akainama na kung'oa plagi zote tatu ukutani, kwa haraka ya mtu ambaye radi imeshamlia televisheni. Hashimu alikulia mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuifurahia. Jambo hili hakuliweka kwenye hesabu zake: kompyuta iliyosinzia ikichomolewa umeme, inazimika kabisa. Alibaki amekodoa macho.

Mvua ilipotulia, plagi zikarudishwa, na kidole cha Mama Tulia kikaenda kwenye kitufe. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Mzee Ambindwile alivaa kofia yake.

"Radi, mama!" Hashimu aliruka. "Radi inafumua mafurushi! Hata Ulaya wanalalamika!"

Mama Tulia alimtazama sana. "Kumbe," alisema taratibu. "Radi inafumua. Basi bana tena, mwanangu, na nikuletee ndizi na chai. Fundi hafanyi kazi na njaa."

Hashimu alibana tena. Kila baada ya muda alichungulia mlangoni: wingu jingine lilikuwa linashuka mlimani, jeusi kama sufuria. Alitaka kulipwa na kuondoka kabla halijanguruma.

"Taslimu sina," alisema Mama Tulia. "Ila nina laptop yangu hii hapa." Akafunua mfuniko wa laptop ya rangi ya fedha, na papo hapo kioo kikang'aa, kila kitu tayari. "Unaiona? Thamani yake inapita kazi yako mbali, mwanangu. Niongezee hicho ulicho nacho mfukoni, uichukue."

Siku nyingine yoyote Hashimu angeigeuza, angeizima, angeinusa. Lakini wingu lilikuwa limeshafika juu ya soko, na tena, tapeli kama yeye hakutegemea kukutana na mwenzake Tukuyu. Akatoa mfukoni pesa zote za stika za Uyole, akaziweka mezani, akafunga laptop, akarukia bodaboda. Ngurumo ilimpita akiwa barabarani, akacheka peke yake.

Alipofika Kiwira alimpata mnunuzi upesi, mfanyabiashara wa makaa aitwaye Jairo, mtu mkubwa asiyependa maneno.

"Inawaka haraka?" aliuliza Jairo.

"Haraka? Mzee, subiri nikuonyeshe." Kwa maringo Hashimu aliizima laptop, akaizima kabisa, kuzima kwa kweli. Kisha akawasha.

Kiduara kikazunguka. Jairo akaagiza chai, akainywa, akaagiza supu. Kiduara kikazunguka. Supu ilipoisha Jairo alinyanyuka, akafuta mdomo na kwenda zake bila hata kuaga. Hashimu akampigia simu Mama Tulia.

"Mama! Laptop yako haiwaki!"

"Hebu ngoja. Uliizima?"

"Niliizima, ndiyo!"

"Mungu wangu. Hiyo ni mgonjwa, mwanangu. Tangu Pasaka naifunga mfuniko tu isinzie, kwa sababu ikizimika haiamki tena." Nyuma yake mashine ya kuchapa ilikuwa inanguruma na walimu wanaongea. "Pesa yako nimeenda nayo kwa Obed, ameniuzia kompyuta yake moja mpya. Mitihani inatoka hapa sasa hivi."

"Mama, umenitapeli!"

"Mimi?" Mama Tulia alishangaa kwa dhati. "Fundi mzima, uliyekaa kwangu mchana kutwa unalaza kompyuta za watu. Nani alikutuma uizime?"