Maiti wa Kompyuta ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi 2002
Nimepata kazi! Miaka mitatu tangu nipunguzwe kazi shamba la mkonge, leo nimeitwa tena Bwana Manase. Mdodosaji! Dokta Yudith wa Dar anataka kujua watoto wa Tanga wanaelewaje hatari za intaneti. Tuko wawili, mimi na Thuwaiba. Ijumaa anabaki mmoja. Nikiachwa narudi kushinda kibarazani kwa mkwe. Naogopa hata kuandika.

Nimeanza na watoto wa kafe ya intaneti, Ngamiani. Kiongozi wao ni Tuhfa, miaka kumi na miwili, shikamoo nyingi, macho makali. Nimemwuliza jina la ukoo na mtaa. Akasema mgeni haambiwi. Wamenipa anwani moja tu ya barua pepe, ya kundi zima. Ili waniamini nikawaandikia yangu, na jina kamili, na tarehe ya kuzaliwa, na mtaa. Hofu? Hawana. Fomu zangu nyeupe. Thuwaiba amejaza ishirini!

Jumanne, 5 Machi
Bila hofu hakuna ripoti. Basi niwatie hofu. Nimefungua anwani isiyo na jina, nikakaa kompyuta ya tatu, nikawaandikia: mimi ni maiti wa Kigombe, asiyeipeleka barua hii kwa watu saba kabla ya adhana ya Ijumaa mchana, nitamfuata nimle miguu. Nina kipaji! Nimejitisha mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikitazama nyuma.

Jumatano, 6 Machi
Nimewakuta wanamumunya ubuyu. Hakuna hata aliyekosa usingizi. Tuhfa akauliza, kwa adabu zote, maiti huyo alikaa kompyuta ya ngapi. Nikasema ya tatu. Nikajiuma ulimi, nikaongeza labda. Wakaandika kitu kwenye daftari. Wao ndio wanaandika!

Alhamisi, 7 Machi
Yamenifika. Barua, kutoka anwani nisiyoijua. Maiti wa Kigombe! Ananiita kwa jina langu kamili. Anajua nimezaliwa tarehe kumi na mbili Juni. Anajua Barabara ya Kumi na Sita. Anajua kompyuta ya tatu! Anasema nimemwamsha, kwa hiyo nisipoipeleka barua kwa watu saba anakuja kwangu. Mtu aliye hai angeyajuaje hayo?

Mguu wa kushoto umekufa ganzi. Mke wangu Anastazia akauliza kwani hiyo si barua niliyoitunga mwenyewe. Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Akasema niinuke, nimeukalia mguu tangu saa kumi. Sikuinuka. Naogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Saa sita, kafe. Watu saba nawatoa wapi? Watoto walishaipata; zaidi yao ninazo anwani mbili, ya Thuwaiba na ya Dokta Yudith. Basi Thuwaiba mara moja, Dokta mara sita. Adhana ikaanza nikituma ya mwisho. Nikamwita Yesu kwa sauti mbele ya watu. Nikapapasa miguu. Yote miwili ipo!

Furaha haikufika saa nane. Dokta akaja, uso hautazamiki. Watoto walikuwa wamemweleza Thuwaiba kila kitu, na kwamba wao ndio walionijibu. Uzushi! Mtoto gani anaandika kama maiti? Thuwaiba anabaki. Dokta akasema hata mimi nimo kwenye ripoti: kati ya wahojiwa arobaini na mmoja, aliyeogopa ni mmoja.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepona! Mama mmoja wa Ulaya, simjui, ameniandikia kwa Kiingereza kitupu. Amenichagua mimi, katika dunia nzima, niongoze utafiti mkubwa. Anataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na neno langu la siri, haraka, asije akampa mwingine. Nikaingiwa na hofu: je, kama Thuwaiba naye kaandikiwa? Nikajibu hapo hapo. Tuhfa, aliyekaa kando, alikuwa akinisihi nisimpe, mtu mwenyewe simjui.

Nimemhurumia. Watoto hawa hawaelewi kabisa mambo ya intaneti.